Mashine ijue kuwa kwetu 'mbuzi' ni tusi

Julai 11, 2021, Rashford, Sancho na Saka walikosa penalti fainali ya Euro pale Wembley, Italia ikabeba kombe. Usiku uleule matusi ya kibaguzi yakawamiminikia mtandaoni. Kombe la Dunia 2022, Fifa ikaitumia kampuni ya Signify ya Uingereza: posti na komenti milioni 20 zikakaguliwa, zaidi ya 19,000 zikabainika kuwa za matusi.

Safi sana. Ila kwa Kiingereza mchezaji akiitwa mbuzi kasifiwa, ndiye bora wa muda wote. Kwa Mkapa katukanwa huyo! TFF ikileta mashine kama hiyo, ianze na watu wanaokijua Kiswahili cha vijiweni. La sivyo, mchezaji ataumia huku kompyuta inapiga makofi.