Ebola: saa ya 7-1-7 inaanza kuhesabu lini?

Tarehe 20 mwezi wa nane 2025, mwanamke mja mzito wa miaka 34 alilazwa katika hospitali kuu ya Bulape, jimboni Kasaï, akiwa na homa na kutokwa damu. Alifariki siku tano baadaye. Habari ya wagonjwa wanaoshukiwa iliifikia OMS tarehe 1 mwezi wa tisa, maabara ya INRB mjini Kinshasa ikathibitisha Ebola tarehe 3, na kesho yake Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko. Siku hiyo watu 28 walikuwa wanashukiwa, na 15 walikuwa wamekwisha kufa, wanne kati yao wahudumu wa afya.

Je, walichelewa au walienda haraka? Ukianza kuhesabu tarehe 1, kazi ilifanyika mbio: siku tatu tu mpaka tangazo. Ukianza siku mama huyo alipolazwa, ni siku 15. Hapo ndipo lilipo tatizo la kipimo ambacho sasa wakubwa wa afya duniani wanakitaja kila mara: 7-1-7.

Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet na Tom Frieden, aliyewahi kuongoza CDC ya Marekani, pamoja na wenzake. Ugonjwa ugunduliwe ndani ya siku 7 tangu uanze. Viongozi wa afya wajulishwe na uchunguzi uanze ndani ya siku 1. Hatua za kwanza za kuuzuia zikamilike ndani ya siku 7 nyingine. Ni rahisi kukumbuka, lakini kutimiza si rahisi: wataalamu walipochunguza matukio 41 katika Brazil, Ethiopia, Liberia, Nigeria na Uganda, ni 11 tu yaliyotimiza muda wote mitatu.

Wanaofanya kazi na programu za kufuatilia malalamiko ya wateja, kwa mfano kwenye kampuni za simu, wanaujua mchezo huu. Kila lalamiko linapewa namba na saa yake. Mkubwa anaamua saa ianze lini, isimame lini, na kama itasimamishwa wakati wa kungoja jibu la mtu mwingine. Akiruhusu saa isimame kila mara wanapongoja, ripoti ya mwisho wa mwezi itapendeza hata kama mteja amekaa wiki mbili bila rezo. Kwa mteja, siku zote zilihesabika.

Kwa Ebola ni vilevile, ila anayengoja ni mgonjwa na jamaa wanaomwosha. Sampuli iliyo njiani kwenda maabara haisimamishi virusi. Bulape ni mbali. Kutoka Tshikapa, mji mkuu wa jimbo, ni safari ya siku nzima kwa gari, na zaidi barabara ikiharibika. Siku za njiani zikiondolewa kwenye hesabu, hakuna atakayeona kwamba kinachokosekana ni barabara au maabara ya karibu.

Watu wa Beni, Mangina na Butembo hawahitaji kuelezwa sana. Tarehe 28 mwezi wa saba 2018, Kinshasa ilipata habari ya vifo vya ajabu huko Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 mwezi wa nane mlipuko ukatangazwa, wakati huo ikisemwa wagonjwa 26 na vifo 20. Siku nne: kwenye karatasi, kazi nzuri. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukitembea tangu karibu mwezi wa tano. Miezi hiyo isiyoandikwa popote ndiyo iliyogharimu zaidi. Mlipuko ulikuja kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, baada ya wagonjwa 3.470 na vifo 2.287.

Kwa hiyo 7 ya kwanza ni ngumu, na ndiyo rahisi kudanganya. Saa ya kuingiza alama kwenye kompyuta inaandikwa na mashine yenyewe. Tarehe ya kuanza kuumwa inaandikwa kwa mkono, kutokana na kumbukumbu ya familia iliyo kwenye kilio. Muuguzi akijua kwamba atalaumiwa kwa kuchelewa, kusogeza tarehe hiyo mbele siku tatu hakumgharimu kitu. Naye pengine hajalipwa mshahara wa miezi kadhaa; kumwadhibu kwa saa ambayo si yeye aliyeichelewesha ni kumfundisha kuficha.

Waliobuni 7-1-7 wenyewe wanataka kila kuchelewa kuandikwe pamoja na sababu yake: mgonjwa alipita kwanza kwa mganga wa kienyeji, simu haikuwa na rezo, pikipiki ilikosa mafuta, muuguzi alidhani ni malaria. Sababu hizo zinafaa kumfikia mwenye pesa, siyo kurudi kwa muuguzi kama barua ya onyo.

Mlipuko wa Bulape ulitangazwa kuisha tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2025, ukiwa umeua watu 45 kati ya 64. Ni wachache ukilinganisha na Kivu. Lakini kati ya tarehe 20 mwezi wa nane na tarehe 1 mwezi wa tisa kuna siku 12, na kipimo kinaruhusu 7.