KIJANA NA KAZI: Kampuni Ikifunga, Diploma Inabaki



Mwezi huu tunashika ulizo moja ambalo vijana wanauliza kila mara, kanisani na njiani: «Mimi nimesoma komersi. Nilifikiri nitaandikwa kazi ku kampuni, nikae katika biro. Sasa kampuni imefunga, ao iko inafanya kazi lakini haiandiki mutu. Diploma hii nitaifanyia nini?»

Ulizo hili ni zito, kwa sababu nyuma ya diploma kuna watu. Kuna baba aliyeuza mbuzi. Kuna mama aliyeuza mafuta na mihogo sokoni mwaka kwa mwaka kusudi minervali ilipwe. Mtoto akirudi na karatasi yake na kukaa tu barazani, nyumba nzima inaumia. Basi tuzungumze wazi.

MGODI UNA MWISHO WAKE

Wazee wetu wanakumbuka SOMINKI. Kampuni hiyo ilizaliwa mwaka 1976, makampuni kadhaa ya migodi ya Kivu na Maniema yalipounganishwa. Ilikuwa na watu Kalima, Namoya, Kamituga na mahali pengine. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia, na kampuni ikaanza kulegea. Mwaka 1997 ikafikia mwisho wake. Makarani waliojua kuhesabu vizuri wakabaki bila meza.

Kiisha wakaja Banro. Huku kwetu Namoya, katika teritware ya Kabambare, walianza kutoa zahabu kwa kazi kamili mwanzoni mwa mwaka 2016. Septemba 2019 wakasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Ni miaka isiyofika hata 4.

Unaona, kijana? Mlango wa kampuni unaweza kufungwa na bei ya London, ao na bunduki ya porini, na wewe hukukosa kitu. Lakini yule karani aliyejua kuandika hesabu ya depo ya SOMINKI hakuacha kujua siku mlango ulipofungwa. Ujuzi ulitoka naye, akaenda nao nyumbani. Ulizo ni hili: aliupeleka wapi?

KITU UNACHOBEBA, NA KITU USICHOBEBA

Komersi inakufundisha mambo 4 makubwa. La kwanza, kuandika feza inayoingia na inayotoka, kila siku, bila kuruka siku. La pili, kujua kitu kimekula feza ngapi mpaka kufika mkononi mwa mnunuzi. La tatu, kuhesabu mali ya depo, na kusema kilichopungua kimepungua juu ya nini. La nne, kusoma mkataba mpaka mwisho mbele ya kutia sahihi. Mambo haya yanatumika mgodini, hospitalini, ku mashine ya kukoboa mpunga, hata ku duka la dawa. Hayo unayabeba popote.

Lakini kazi yenyewe ya mahali pale huibebi. Hukufundishwa mpunga unanyauka wakati gani, mafuta ya mawese yanaharibika namna gani, dereva gani ni mwaminifu, ao mama gani wa soko akisema «kesho» ni kesho kweli. Hayo yanajulikana na watu ambao pengine hawakumaliza hata shule ya msingi. Wengi wanaobadili kazi wanaanguka hapa: wanaingia na diploma mbele kama bendera, na wanaona haya kuuliza.

Kumbuka Yosefu katika kitabu cha Mwanzo. Alikuwa mtoto wa wachungaji. Wakamuuza, akasimamia nyumba ya Potifari. Wakamfunga, akasimamia mambo ya gereza. Kiisha akasimamia chakula cha Misri yote: sehemu moja kwa tano ya mavuno iliwekwa ghalani miaka 7 ya shibe. Kazi 3 mbalimbali, na katika zote 3 alisimamia vema na hakuiba. Na alianza chini, mtumwa na mfungwa.

Tutazame pia jirani zetu wa Kenya. James Mwangi alisoma komersi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya kazi ya hesabu katika makampuni ya mjini. Katika miaka ya 1990 alihamia Equity, shirika dogo lililoanza mwaka 1984 kwa kukopesha watu feza za kujenga nyumba. Wakati ule lilikuwa karibu kuanguka. Likageuka kuwatazama wakulima wadogo na wachuuzi, watu ambao benki kubwa hazikuwafungulia mlango. Mwaka 2004 likawa benki kamili, na mwaka 2020 likanunua sehemu kubwa ya BCDC ya hapa Kongo. Ndiyo sababu tunaona jina EquityBCDC. Hesabu aliyotumia ni ile ile aliyosoma. Kilichobadilika ni watu wa kuwatumikia, na hao ilibidi kuwajua upya.

MILANGO MITATU YA HAPA KWETU

Mlango wa kwanza ni kooperative za wachimbaji. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyobadilishwa Machi 2018, inasema mchimbaji wa mikono awe na karte yake na awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa na Leta. Na tangu Kongo iliingia katika OHADA, Septemba 2012, kooperative zinafuata sheria ya OHADA ya mwaka 2010: ile ndogo inaanza na watu 5, ile yenye baraza la uongozi inaanza na watu 15. Zote zinapashwa kuwa na vitabu vya hesabu. Sasa uliza mashimoni: ni nani anajua kuviandika?

Lakini kwanza ujifunze lugha ya zahabu. Tola moja ni karibu gramu 11,66. Aunsi ambayo redio inatangaza ni karibu gramu 31,1. Tuseme aunsi iko dola 3.110: gramu moja safi ni dola 100. Zahabu ya shimo si safi yote. Ikiwa safi kwa 90 juu ya 100, gramu ile inabaki dola 90, mbele ya kuondoa usafiri, kodi na faida ya mnunuzi. Huku mashariki wengine wanapima bado kwa njiti za kiberiti. Mchimbaji asiyejua kugawanya anapoteza jasho lake hapo, juu ya mizani. Wewe unajua kugawanya.

Mlango wa pili ni feza ya jamii. Sheria ile ya 2018 inagawa kodi ya madini ambayo kampuni inalipa: 50 juu ya 100 kwa Leta kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao shefferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kampuni inapashwa kuweka 0,3 juu ya 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Feza ya namna hiyo ikikosa mtu wa kuiandika na kuisomea watu mbele ya wote, haijengi hata darasa moja. Si lazima uwe na cheo. Mwanakijiji anayejua kusoma hesabu na kuuliza kwa heshima ni mlinzi mzuri.

Mlango wa tatu ndio wengi wanaudharau: mpunga, karanga na mafuta ya mawese. Tufanye hesabu ya mfano. Unanunua bido 10 za mafuta, kila moja franga 30.000: ni 300.000. Usafiri, 5.000 kwa bido: ni 50.000. Vizuizi vya njiani, 20.000. Chakula na kulala, 15.000. Jumla 385.000. Utauza bido kwa 45.000. Jirani anasema: «Faida ni 15.000 mara 10, iko 150.000!» Lakini bido moja imevuja njiani. Umeuza 9, umepata 405.000. Faida ni 20.000 tu, na umemaliza juma mbili.

Mtu asiyesoma komersi atasema biashara ina mkosi, pengine atamtafuta mchawi. Wewe utaandika: kifuniko kibaya kimekula franga 45.000. Safari inayokuja utanunua vifuniko vizuri, na faida itafika karibu 65.000. Hapo ndipo diploma ya mama yako aliyeuza mihogo inaanza kulipa.

NAMNA YA KUHAMA

Usihame kwa kuruka. Mbele ya kuacha kidogo ulicho nacho, kaa miezi 3 karibu na mtu wa kazi ile mpya. Umwambie: «Baba, ao Mama, nitakuandikia hesabu yako bila kulipwa, wewe unifundishe kazi yako.» Wachache watakataa. Ukitoka hapo utakuwa na daftari ya kazi ya kweli ya kuonyesha, na hiyo inasema kuliko karatasi yenye muhuri.

Uangalie pia kama masomo yako yamezeeka. Aliyesoma hesabu ya zamani ya Kongo ajifunze ile ya OHADA, iliyotengenezwa upya na kuanza kutumika Januari 1, 2018. Mtu anayefanya kazi ya hesabu katika benki, hospitali ao diosezi anaweza kukuonyesha, mwombe.

Usichukue feza ya nyumba kwa kujaribu. Kama una bibi ao bwana, ninyi wawili mkae, mhesabu pamoja kiasi gani mnaweza kupoteza na watoto wakaendelea kula. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama mbele ya kujenga mnara.

Na jambo la mwisho, kubwa kuliko yote. Siku moja mkubwa atakuja karibu na meza yako na kusema polepole: «Hapa andika gramu 100, usiandike 150.» Ao: «Majina ya hawa watoto wanaobeba mawe, usiyatie katika kitabu.» Siku ile utajua kama umepata kazi ao umepata kamba ya shingo. Mwandishi wa hesabu ndiye wa kwanza kuombwa uongo, na siku ya matata ndiye wa kwanza kutupwa. Yosefu alikataa akafungwa, hatukufichi hilo. Lakini Mungu hakumwacha, na alifika mpaka mbele ya Farao.

KWENU WAZAZI

Baba na Mama, msicheke mtoto mwenye lisansi akisukuma baiskeli yenye bido za mafuta. Msiseme mbele ya watu, «Tulikusomesha kwa hiyo?» Neno hilo linarudisha wengi barazani, na wengine linawapeleka ku bunduki. Mwulizeni mambo 2 tu: hesabu yako iko wapi, na iko safi? Akiweza kuwaonyesha, mbuzi wenu hawakupotea.

KWA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani inakosa mtu wa kuandika hesabu?
2. Ni nani anaijua kazi ile kuliko wote, na nani kati yetu atakwenda kukaa karibu naye?
3. Mkubwa akituomba kuandika uongo, tutajibu namna gani, na kikundi kitamsaidiaje yule aliyekataa?

Bwana abariki mikono yenu na madaftari yenu. Tutaonana mwezi unaokuja, Mungu akipenda.