Tunashangilia Nini?



Kuna kauli ambayo siku hizi imekuwa kichaka cha kujifichia. Ukimwuliza kijana, au hata mzee wa kanisa, kwa nini alicheka mtu alipouawa kikatili katika tamthilia, atakujibu: "Ni maigizo tu, Padre." Kauli hiyo nimeisikia hapa Tosamaganga, nimeisikia Iringa mjini na Mbeya, na nimeisikia kwa watu wenye shahada. Nakusudia kuipinga. Damu ya kwenye kioo ni rangi, na marehemu huinuka akaenda kula chakula chake cha mchana, hilo nalikubali. Lakini anayecheka ni mtu halisi, kicheko chake ni halisi, na moyo uliofurahi ndio uleule atakaokwenda nao sokoni, kwenye mkutano wa kijiji na mahakamani.

Sisemi hayo ili niungane na wenzetu wanaotaka vibanda vya video vifungwe na simu za vijana zichomwe moto. Hao nao wamekosea shabaha. Tangu televisheni ianze kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994 (Zanzibar walitutangulia kwa miaka ipatayo ishirini), tumekuwa tukihubiri juu ya kinachoonyeshwa, na tumesahau kabisa kumchunguza anayetazama.

Na mtazamaji wetu hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kimya. Wenye umri wangu watamkumbuka Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili huku akitia chumvi na utani wake mwenyewe hata filamu ikawa kama yake. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Kule Wakaliga, jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na nakala iliyoenea duniani ina sauti ya msimulizi VJ Emmie anayefanya mzaha huku watu wakimiminiwa risasi. Sina ugomvi na kicheko hicho. Anayecheka pale anachekea bunduki za vyuma chakavu na ujasiri wa vijana maskini walioamua kutengeneza filamu bila fedha. Hachekelei kifo.

Kicheko kinachonitia hofu ni cha namna nyingine, nacho nimekiona hasa katika mapokezi ya tamthilia moja ya Kimarekani iitwayo Fargo. Msimu wake wa tano (vijana husema "sizoni") ulionyeshwa kuanzia Novemba 2023 hadi Januari 2024, kwa sehemu kumi. Ni tamthilia ya uhalifu yenye uchekeshaji mchungu: unacheka, kisha unashtuka kwamba umecheka. Mtunzi wake, Noah Hawley, hufungua kila sehemu kwa maandishi yanayodai kwamba mambo hayo yalitukia kweli, safari hii mwaka 2019, katika majimbo ya Minnesota na North Dakota. Hayakutukia. Huo ni mzaha uliorithiwa kutoka filamu ya ndugu wawili Coen ya mwaka 1996. Na mzaha huo una kisa chake cha kusikitisha. Mwaka 2001 mwanamke mmoja wa Kijapani alikutwa amekufa huko Minnesota, na habari ikaenea kwamba alikuwa akizitafuta fedha zilizofukiwa thelujini katika filamu ile. Haikuwa kweli. Alikuwa na majonzi yake, na alijitoa uhai mwenyewe. Lakini watu walikipenda zaidi kisa cha kuchekesha kuliko kumlilia maiti.

Kwa ufupi, msimu huo wamhusu Dot, mama wa nyumbani ambaye miaka kumi nyuma alimtoroka mume wake wa kwanza, Roy Tillman. Roy ni sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo aliyechaguliwa kwa kura. Anapiga wanawake huku akijiona amewekwa na Mungu. Anamtafuta mkewe wa zamani kama mtu atafutaye ng'ombe aliyepotea, na anawatuma watu wamteke. Mmoja wao aitwa Ole Munch, mtu wa ajabu ambaye zamani za kale alikuwa "mla dhambi": maskini aliyelishwa chakula mbele ya maiti ya tajiri ili abebe dhambi za marehemu. Yupo pia Lorraine, mama mkwe wa Dot, tajiri mwenye kampuni ya kukusanya madeni ya watu.

Mume anayempiga mke kwa jina la Mungu! Nadhani hapo hakuna parokia inayohitaji mkalimani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 58 katika kila 100 nchini mwetu waliona mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja. Kwa wanaume walikuwa 40. Wakati huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na zaidi ya miaka arobaini ikitamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na nimstahi Hawley kwa jambo moja: kisa cha mateso ya nyumba ile kinasimuliwa kwa wanasesere wa mbao. Hakumfanya mwanamke anayepigwa kuwa kitu cha kutazamwa kwa tamaa. Wakati wa wanasesere hakuna aliyecheka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Msimu huo una miisho miwili. Katika ule wa kwanza Roy, ambaye amemwua askari mwadilifu Witt Farr (Lamorne Morris aliyemwigiza alipata tuzo ya Emmy mwaka 2024), amekwisha kuhukumiwa na yumo gerezani. Lorraine anamtembelea. Kwa utulivu kabisa anamweleza kwamba ametoa fedha kwa ajili ya wafungwa wenzake, nao watalipa fadhila hizo kwa kumtesa siku zote za maisha yake. Katika mwisho wa pili Ole Munch anakuja nyumbani kwa Dot kudai deni lake, kwa maana wakati wa kumteka alijeruhiwa naye, na kwake yeye jeraha hulipwa kwa nyama ya mwili. Dot hachukui bunduki. Anamweka jikoni, anampa unga aukande, anamwuliza kwa nini deni lisisamehewe. Halafu mla dhambi analishwa vimkate vilivyookwa kwa upendo, na uso wake unafunguka.

Niliitazama sehemu hiyo pamoja na vijana wachache waliomaliza shule, kwenye kompyuta ya mmoja wao, nikiwatafsiria pale Kiingereza kilipowashinda. Gerezani walipiga makofi na vigelegele. Jikoni, wawili waligeukia simu zao, na mmoja akauliza kama umebaki muda mrefu. Wala wasilaumiwe peke yao. Huko Marekani wengi waliusifu msimu huo kuliko ule wa nne wa mwaka 2020, lakini walikuwapo walionung'unika kwamba mapambano yalikwisha upesi mno na dakika za mwisho zikapotea katika mapishi. Na Lorraine alishangiliwa huko kama alivyoshangiliwa hapa.

Nitaambiwa: Padre, Roy alistahili. Alistahili nini? Alistahili kukamatwa, kushtakiwa, kuhukumiwa na kufungwa. Hayo yote yalikuwa yamekwisha kutendeka! Mama yule hakuja kuikamilisha haki. Alikuja kununua nyongeza. Na alinunua kwa watu gani? Kwa wafungwa, maskini wasio na njia ya kukataa. Na fedha zenyewe zimetoka wapi, kama si katika biashara ya kuwakamua wadaiwa? Ndugu zangu, ninyi mnaijua mikopo tunayoiita "kausha damu". Mnajua mama anayechukuliwa kochi na sufuria mbele ya watoto wake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya wakopeshaji wa mitandaoni wasio na leseni, kwa sababu kilio kilikuwa kimezidi. Tajiri wa kausha damu anatumia utajiri huo kununua mateso ya mtu, nasi tunapiga vigelegele kwa kuwa safari hii anayeteswa tunamchukia.

Magazeti yetu yana msemo: mtuhumiwa "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Utazameni vizuri msemo huo. Unawapa wauaji sifa, na papo hapo unawaficha majina. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeleta tairi na ni nani aliyeleta petroli. Hasira ya Lorraine ni hiyohiyo, ila imevaa nguo za thamani na inazungumza kwa sauti ya chini. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kuiogopa. Mwanzoni mwa mwaka 2019, watoto walipouawa mkoani Njombe kwa imani za kishirikina, tulionja jinsi uchungu wa haki kabisa unavyoweza kumgeuza kila mpita njia kuwa mtuhumiwa.

Tunacho kielelezo kingine, cha karibu zaidi. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, akiwa amezungukwa na askari polisi. Picha za tukio lile ziliingia katika kila nyumba ya mkoa huu, na hazikuwa maigizo. Kesi ilichukua takriban miaka minne. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Wengi walisema ni kidogo, na wenye uchungu wana haki ya kusema hivyo. Lakini adhabu ile ilipimwa hadharani, mshtakiwa alisikilizwa, na sheria ilimfikia mtu aliyevaa sare ya serikali. Kitu kama hicho hakipigiwi makofi kwa sababu kinakwenda polepole na hakina muziki. Je, kijana aliyezoeshwa utamu wa gereza la Lorraine atakuwa na subira ya kuhudhuria kesi ya miaka minne?

Mtu wa Tosamaganga, kuliko wengine, asingepaswa kuhitaji fundisho hili. Kalenga haiko mbali nasi. Mkwawa alipokufa mwaka 1898, washindi hawakutosheka na kifo chake. Kichwa chake kilichukuliwa hadi Ujerumani. Ikahitajika ibara katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kulidai fuvu hilo, na hata hivyo lilirudi mwaka 1954 tu. Wazee wetu walijua maana ya adui kukuadhibu hata baada ya kushinda, na kukufanya kitu cha kutazamwa. Wajukuu wao wanajifunza kuushangilia mtindo huohuo.

Najua wapo watakaosema kwamba mwisho wa jikoni ni wa kitoto, kwamba hakuna mwuaji anayegeuzwa kwa vimkate. Inawezekana. Lakini mbona hawasemi kwamba mwisho wa gereza ni wa kitoto? Kudhani kwamba mateso ya Roy yatamrudishia Dot hata siku moja ya miaka aliyopigwa, hiyo ndiyo ngano. Isitoshe, Dot hakumsamehe mtu kwa woga. Katika sehemu zote kumi alipigana kwa ujasiri kuilinda nyumba yake, na alikataa kurudi kwenye utumwa. Mapadre wenzangu wanaomwambia mwanamke aliyevunjwa mkono "rudi nyumbani ukasamehe" wasije wakajificha nyuma ya mfano huu. Dot alisamehe akiwa huru, mlango wake ukiwa mikononi mwake, na yule mume akiwa ndani ya gereza. Kumrudisha mke kwa anayempiga ni kumpelekea Roy mateka wake.

Kwa hiyo naziomba jumuiya zisizime luninga. Vijana wakikusanyika kutazama, kiongozi akae nao hadi mwisho, kisha awaulize walipiga makofi wapi na kwa nini, na awaache wabishane bila kuwahubiria. Mkijua katika jumuiya yenu mama aliyelemewa na kausha damu, ileteni habari yake kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia kabla vyombo vyake havijachukuliwa. Na mkijua mke anayepigwa, msimpeleke kwanza kwa wazee wa ukoo wa mumewe. Mama mmoja wa jumuiya amsindikize hadi hospitali, kisha hadi dawati la jinsia na watoto la polisi, na asimwache huko peke yake mpaka maelezo yake yameandikwa.