Bahati gani ya wiki nzima?

Mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo uliposema mcheza tenisi Tatjana Maria "alibahatika" kwenye mashindano ya Queen's Club mwaka 2025 nakukatalia. Alikuja akiwa amefungwa mechi 9 mfululizo, akaanzia raundi za kufuzu, kisha akawatoa Muchova, Rybakina na Keys, akamalizia na Anisimova 6-3, 6-4. Na miaka yake 37! Kilichowashinda wale mabinti ni ule mpira wake wa kukata. Kwenye nyasi hauinuki, unateleza chini kabisa, na aliyezoea kupiga kwa nguvu anabaki kuinama kama anaokota karanga. Mimi nilikuwa nacheza Arusha na mzee mmoja wa aina hiyo, tumbo limetangulia, hakimbii hata kidogo, lakini kila mpira anaukata; nilikuwa natoka uwanjani magoti yanauma na seti sijaiona. Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba uzazi ulimharibia kazi, hebu fuatilia vizuri. Kwenye bekihendi ya mkono mmoja alihamia akiwa na mimba ya binti wa kwanza, Charlotte, na nusu fainali ya Wimbledon 2022 aliifikia miezi kama 15 tu baada ya kumzaa Cecilia, kocha akiwa mumewe mwenyewe. Hata Ons Jabeur, aliyemtoa siku ile na ambaye ni rafiki yake, ilibidi acheze seti tatu. Halafu mwandishi, mbona hukugusia damu iliyomganda kwenye mapafu mwaka 2008? Hapo ndipo ningeanzia mimi.