Msimtwishe Mganga Dhambi ya Mzee wa Kanisa

Mwezi uliopita alinijia nyumbani hapa Raskazone mwanafunzi wangu wa zamani, amebeba mswada wa riwaya ndani ya bahasha ya kaki. Alinisalimu, akakaa, akakataa chai. "Mwalimu," akasema, "nimetakiwa nibadilishe sura ya tisa. Nisipobadilisha, fedha ya kuchapa haitatoka."

Riwaya yake ni ya mapenzi, ni ya taharuki, na ni ya Kikristo. Yeye mwenyewe huitaja kwa sifa hizo tatu pasipo kuona haya. Mhusika mkuu ni binti anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya mtaa mmoja wa Tanga. Anampenda kijana anayefanya kazi bandarini, ambaye mama yake ni Mwislamu na baba yake Mkristo. Mtunza hazina wa kanisa anaokotwa amekufa maji, na binti, aliyekuwa akimsaidia kuandika daftari, anagundua kuwa fedha za mfuko wa ujenzi hazipo. Katika sura ya tisa mzee mmoja wa kanisa anamwita ofisini baada ya ibada, anafunga mlango, na kumpa masharti: alale naye, au jina lake litajwe mbele ya usharika kuwa ndiye mwizi.

Waliokuwa wameahidi kugharimia uchapaji walisoma, wakashtuka, wakatoa ushauri. Mhalifu asiwe mzee wa kanisa. Awe mganga wa kienyeji kutoka Pangani, aliyemroga mtunza hazina. Mwishoni mganga aokoke. Sala zote zibaki, na ikiwezekana ziongezwe.

Kabla sijawanyooshea wazee hao kidole, sina budi kuungama. Miaka miwili iliyopita binti huyu alinionyesha rasimu ya kwanza, nami nikamshauri kinyume chake. Nilimwambia: upelelezi wako ni mzuri, lakini ondoa hizi sala, msomaji wa leo hataki mahubiri. Kwa hiyo mwandishi mmoja alisimama baina ya wakubwa wawili, mmoja akimtaka aiondoe imani ili abaki na uhalifu, mwingine akimtaka auondoe uhalifu ili abaki na imani. Hakuna kati yetu aliyemuuliza kwa nini aliviweka pamoja.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba aliviweka pamoja kwa sababu vinaishi pamoja. Riwaya ya Kikristo ya mapenzi na taharuki, ikiandikwa kwa uaminifu, inaweza kusema katika jamii yetu jambo ambalo mahubiri hayasemi na gazeti haliwezi kulithibitisha. Tunaizuia isiandikwe: wasomi kwa dharau, viongozi wa dini kwa hofu, na waandishi wenyewe kwa kukubali njia ya mkato.

Nianze na sisi wasomi. Tuna neno letu, fasihi pendwa, ambalo tunalitamka kana kwamba kupendwa ni ugonjwa. Kwa miaka mingi tuliwadharau Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla iliyotoka mwaka 1965, na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Leo tunawaandikia tasnifu. Lakini hadithi ya binti wa kwaya, inayosomwa kwenye simu sura baada ya sura na wauguzi wa zamu ya usiku na makarani ndani ya daladala, hiyo bado hatuigusi, tukidai kwamba haina fikra. Tumesahau kwamba riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, Rosa Mistika, ambayo jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria, nayo iliondolewa shuleni kwa muda kwa kudaiwa kuwa inapotosha maadili. Zaidi ya miaka 50 baadaye tungali tunaijadili. Waliosema inapotosha ni nani anayewakumbuka?

Sasa niwageukie wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, nikitumia kitabu chao wenyewe. Fungueni Samweli wa Pili, sura ya 11. Mfalme, mpakwa mafuta wa Mungu, anamtamani mke wa askari wake, anamchukua, kisha anaandika barua ya kumuua mumewe na kumkabidhi mume huyo huyo aipeleke vitani kwa mkono wake. Ni mwandishi gani wa upelelezi aliyepata kubuni tukio la kutisha kuliko hilo? Na mwandishi wa Biblia hakumsingizia mganga. Alimwacha mhalifu ikulu, juu ya kiti cha enzi, akamtuma nabii Nathani aende kumwambia uso kwa uso.

Au wasomeni wazee wawili wa Kitabu cha Danieli, katika sura ya 13 ya Biblia wanayoisoma Wakatoliki. Walikuwa waamuzi wa watu. Walimvizia Susana bustanini wakampa masharti: alale nao, au watatoa ushahidi kwamba wamemfumania na kijana. Alikataa, akahukumiwa kufa. Danieli akawatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja tendo hilo lilitokea chini ya mti gani, na kila mmoja akataja mti wake. Dorothy Sayers, mwandishi wa Uingereza aliyekuwa Mwanglikana wa dhati, alipokusanya hadithi za upelelezi mwaka 1928, aliijumuisha hadithi hiyo ya Susana. Mwanafunzi wangu hakupata kuisoma. Yeye amelelewa katika kanisa ambalo Biblia yake haina sura hiyo. Hata hivyo aliandika kisa kile kile: wazee, binti, mlango uliofungwa. Hakuiga. Aliandika anachokijua.

Wapo watakaosema kwamba maadui wa kanisa watafurahi. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa najua nyumba za ibada zimefanya kazi gani katika nchi hii: shule, hospitali, na mazishi ya maskini wasiokuwa na mtu. Lakini nawaombeni mtazame kaskazini, katika pwani hii hii yetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Msiba ule ulikuzwa na ukimya: jamaa walioona aibu kuuliza, waumini waliofundishwa kwamba kumhoji mtumishi wa Mungu ni kumhoji Mungu. Riwaya moja isingewaokoa watu wale. Ila jamii iliyozoea kusoma hadithi ambamo anayefunga mlango wa ofisi anaweza kuwa amevaa joho, huenda ingekuwa nyepesi zaidi kubisha hodi.

Tena tujiulize, huyu mganga wa Pangani amekosa nini? Riwaya zetu nyingi za wokovu zinaitazama Tanga kama ghala la uchawi na mahaba. Kijana mwadilifu anatoka bara, anashuka stendi, analishwa limbwata, anaipoteza imani, anaombewa, anarudi kwao. "Waja leo, warudi leo," tunataniwa, na mwandishi anaugeuza utani kuwa tabia ya watu. Hapo mhalifu ana sura moja daima: mtu wa pwani, mwanamke wa mjini, mara nyingine mtu mwenye jina la Kiislamu. Kumhamishia mganga dhambi ya mzee ni kusema uongo mara mbili: unamsafisha mwenye hatia na unamchafua jirani. Na katika mji huu, jirani huyo mara nyingi ni mama mkwe.

Ukristo wa upande huu haukushuka jana kwa basi. Wamisionari wa UMCA walifika Magila, Muheza ya leo, katika miaka ya 1860, na baadaye misheni ile ikawa na gazeti lake la Kiswahili, Habari za Mwezi. Novemba 1914 wanajeshi wa Uingereza kutoka India waliteremshwa hapa hapa Raskazone, wakashindwa na Wajerumani. Katika vita ile Waafrika waliosoma kwa misheni ya Kiingereza walishukiwa na kufungwa. Mmoja wao, mwalimu Samuel Sehoza, aliandika habari za kifungo chake. Kitabu kikachapwa mwaka 1921 kwa jina la Mwaka katika Minyororo. Mwingine, Martin Kayamba, baada ya vita alikuwa karani wa serikali hapa Tanga, na mwaka 1922 aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambamo Mkristo na Mwislamu waliketi pamoja. Mwandishi wa Kikristo wa Tanga ana ukoo wa kujivunia. Kwa nini aazime majini?

Lakini waandishi nao wasijifiche nyuma ya dhuluma ya wakubwa. Nimesoma miswada ya aina hii kwa miaka, na kasoro ni moja: mwandishi anafahamu kwamba Mungu atashinda, basi anamwachia kazi yote ya utunzi. Binti amefungwa chumbani, anaomba, kufuli linafunguka. Huo si muujiza, ni uvivu. Taharuki ni kutojua mwisho, na imani vilevile ni kwenda bila kuuona mwisho. Aliyefungwa minyororo hakuwa na sura ya mwisho ya kuchungulia. Mhusika anayejua tangu ukurasa wa kwanza kwamba ataokolewa hana imani, ana taarifa.

Hata mapenzi mnayachezea. Kizuizi pekee mnachokijua ni mpenzi mwingine aliye mwovu. Tazameni vizuizi halisi: mahari inayopandishwa ili kumfukuza mchumba, familia mbili za dini mbili zinazopendana hadi siku ya posa, ndoa ya bomani, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua na ambayo nyumba nyingi zinaiona kuwa fedheha. Binti anayepaswa kuchagua baina ya meza ya Bwana na kijana anayempenda ana taharuki ya kutosha bila bastola hata moja.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wataniuliza jambo hili linawahusu nini. Linawahusu kwa kuwa tangu mwaka 1998 tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na anayomfanyia mzee binti yule katika sura ya tisa ni mambo ambayo sheria hiyo iliandikwa kuyakomesha. Sheria huanza kazi pale mtu anapofungua kinywa. Binti wa kwaya hatafungua kinywa mbele ya afisa wa ustawi wa jamii ikiwa hajawahi kuona, hata katika hadithi, msichana kama yeye akisema na kusadikiwa.

Kwa hiyo nayasema haya hadharani. Kwa wazee walioahidi fedha: toeni, au semeni wazi kwamba mnaogopa. Kwa wahadhiri wenzangu: muhula ujao nitaifundisha riwaya ya taharuki ya Kikristo katika kozi yangu ya riwaya, kwa vigezo vile vile ninavyomsomea Kezilahabi, atakayecheka aje acheke darasani. Kwa wanafunzi: nileteeni miswada, nami naahidi sitawaambia muondoe sala, bali nitawauliza kila sala inafanya kazi gani.

Na kwa binti mwenye bahasha ya kaki: nilikukosea mara ya kwanza. Sura ya tisa ibaki ilivyo. Fedha ya kuchapa tutaitafuta kwa michango, na wa kwanza kuchanga nitakuwa mimi.

Naomba kuwasilisha.