Makumbusho si kulinda mikuki

Leo nimejaza fomu ya fildi: Makumbusho ya Majimaji, Songea. Mwenzangu wa chumbani kacheka mpaka kakaa chini. "Yaani digrii ya historia, ukalinde mikuki?" Baba naye kwenye simu: "Mwanangu, ualimu una mshahara."

Nawaelewa. Ajira zenyewe za kuhesabu, huenda nikaanza kwa kujitolea. Lakini jamani, mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi wa Wangoni, Nduna Songea Mbano akiwemo. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika palepale, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea. Siku likipatikana, nani atakaa na ukoo wake? Nani atawarekodi wazee kabla hawajatutoka? Mtaalamu wa kutoka Dar hulala siku mbili, anarudi zake.

Mimi bibi yangu ni wa huko, Kingoni nakisikia. Kazi hii inataka mtu wa kubaki, na mtu wa kubaki naye ale, apande cheo. Hilo ndilo la kuidai serikali, siyo kunicheka mimi.

Baba bado kanuna. Fomu naipeleka kesho. Mnasemaje?