Kazi ya Kutunza Misitu

Wako watu wadhanio ya kuwa mtoto aliyesoma hana kazi porini. Kazi yake ni mezani, kwa kalamu na wino. Mimi sikubali.

Tazameni Shinyanga. Huko miti ilikatwa sana, hata udongo ukachukuliwa na mvua na ng'ombe wakakosa malisho. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi iitwayo HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mabwana misitu walijifunza kwa wazee habari za ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, isiingie mifugo mpaka kiangazi. Miti ikachipuka tena, kwani mizizi ilikuwa hai bado. Basi kazi hii yataka hesabu na elimu ya udongo, na tena ulimi wa adabu.

Vyuo viko: Olmotonyi karibu na Arusha kwa misitu, na Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kwa wanyama wa porini. Nafasi za serikali hazimtoshi kila ahitimuye, hayo siyafichi. Lakini kijiji chenye msitu chahitaji mtu wa kuupima, na afadhali awe mtoto wa hapo kuliko mgeni asiyejua majina ya miti yake.